Saa ni ya nani? Maneno yangu yaleyale kuhusu vita vya zamu kwenye RPG za Kijapani

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Waliowahi kunisikia wanajua ntaongea nini, nyie mnaweza kwenda kunywa chai mkarudi, maana mimi nina jambo moja tu na nimelisema mpaka mke wangu kalikariri. Jambo lenyewe ni hili: ukitaka kulinganisha mfumo wa vita wa RPG moja ya Kijapani (gemu za hadithi unazoongoza mashujaa wakapigana na kupanda nguvu) na nyingine usianze na grafiki, usianze na kuhesabu uchawi uko mia au mia mbili, uliza swali moja tu, humu ndani saa ni ya nani? Ni yangu mimi mwenye pedi, ni ya adui, au ni ya gemu yenyewe? Ukishajibu hilo, mengine tutaelewana.

Zaidi ya hapo RPG siwaelezei. Mmekuja hapa Jumamosi mchana na jua lote hili, mnajua.

Sasa lazima kuna mtu atasema, na yupo kila mara, "kaka, zamu zilikuwepo kwa sababu mashine za zamani zilikuwa dhaifu". Huwa nachoka jamani. The Legend of Zelda imetoka Februari 1986, Dragon Quest imetoka Mei 1986, mashine ni ileile Famicom ya Nintendo, na Link, shujaa wa Zelda, anakimbia, anachoma upanga papo hapo, hamsubiri mtu. Kwa hiyo mashine iliweza, Yuji Horii, mbunifu wa Dragon Quest, ndo hakutaka! Jamaa alikuwa kanogewa na Wizardry na Ultima za kwenye kompyuta, akataka raha ile ile aipeleke kwa mtu yeyote mwenye Famicom sebuleni, pedi ina vitufe vichache na msalaba basi, hata yule ambaye vidole vyake haviwezi kukimbizana na kitu. Akasimamisha saa. Slime, adui mnyonge kabisa, yuko mbele yako anatabasamu na hakugusi mpaka uamue. Nenda kaepue ugali urudi, utamkuta palepale anakusubiri kwa adabu.

Afu watu wanasema hiyo ni sloo. We umewahi kupita barazani ukakuta mzee kashika kete za bao, mashimo 32, kete 64, anafikiri wee mpaka chai inapoa, ukamwambia babu mchezo wako uko sloo? Kajaribu uone.

Lakini msije mkadhani saa ikisimama basi kila kitu ni chako, hapana. Dragon Quest kuanzia ya pili, ukiwa na kikosi, unatoa maagizo ya watu wote kwanza, halafu ndo mambo yanatokea kwa mpangilio wa wepesi na bahati kidogo imo. Ni kama kuagiza kwa mamantilie mkiwa wanne, oda umetoa vizuri ila sahani ya nani inatangulia anajua mwenyewe wa jikoni. Umemwagiza kasisi amponye shujaa, adui akawa mwepesi kuliko kasisi, shujaa kafa, dawa imefika kwenye msiba. Na Final Fantasy ya kwanza, 1987, ilikuwa na roho mbaya zaidi: ukiagiza watu wawili wampige goblini mmoja, wa kwanza akamuua, wa pili atapunga upanga kwenye hewa tupu na gemu inakuandikia kabisa kwamba haikufaa kitu. Matoleo ya baadaye walilirekebisha hilo na mimi mpaka leo naona waliharibu, maana ile ilikufanya uhesabu, huyu atakufa kwa pigo moja au mawili?

Na kuna Dragon Quest IV ya 1990, sura ya tano, hapo Horii kaamua hata maagizo hutoi, wenzako wanajiamulia, wewe unachagua mkakati wa jumla tu. Kuna kasisi mule anaitwa Clift, ana uchawi wa kuua moja kwa moja unaitwa Zaraki, na Clift anaupenda jamani! Bosi hafi kwa uchawi huo, kila mtu anajua, Clift anaurusha. Haujafanya kitu, anaurusha tena. Wewe unavuja damu, unahitaji kuponywa, kasisi wako yuko bize na Zaraki. Wajapani mpaka leo wanamtania. Hapo saa imesimama, ndiyo, ila zamu si yako, ni ya Clift.

Sasa tufike kwenye Active Time Battle, kwa kifupi ATB, na hapa ntakaa kidogo mnisamehe.

Final Fantasy IV, 1991, Super Famicom, mashine ya Nintendo iliyofuata Famicom. Hiroyuki Ito ndo alibuni, na ameeleza kwamba wazo lilimjia akiangalia mbio za magari za Formula One, magari yanayopitana kwa sababu kila moja lina kasi yake. Si kwamba mimi nimemaliza sasa zamu yako, hapana, kila mtu ana saa yake mwenyewe, mwepesi anazunguka mara mbili wakati mzito hajafika mara moja. Kwenye IV saa hiyo huioni, ya V mwaka 1992 ndo wakaweka kamstari kanakojaa, na kwenye VII ya 1997 ndo dunia nzima ikakaona. Mimi pia ndo nilikokaonea.

Kibanda cha gemu mtaani kwetu, jina silitaji. TV nne za chogo, PS1 mbili kati ya hizo zimegeuzwa kichwa chini maana zikikaa kawaida hazisomi CD, feni moja inayopuliza joto. Mia mbili nusu saa. Kila mtu anacheza Winning Eleven, mimi peke yangu nimeikuta CD ya kuchoma imeandikwa kwa kalamu FF7-1, moja tu, ya pili na ya tatu hazipo, na ya pili sikuiona mpaka nilipopata emyuleta, programu ya kuiga mashine ya gemu kwenye kompyuta, nikiwa mtu mzima na ndevu. Nyuma yangu foleni ya watoto wanataka mpira. Mwenye kibanda naye ananiuliza, "we dogo, huo mchezo wako mbona hauna dakika tisini?"

Basi, bosi wa kwanza. Guard Scorpion, nge wa chuma, ndani ya mtambo wa Mako. Mnamjua nyote. Anainua mkia. Cloud, shujaa ninayemwongoza, anaongea, na maandishi ya Kiingereza ya toleo lile yalitafsiriwa vibaya, kisanduku cha kwanza kinakwambia shambulia mkia ukiwa juu. Juu! Kisanduku cha pili ndo kinakwambia atajibu kwa leza. Sasa sisi Kiingereza chetu cha shule ya msingi, tumesoma cha kwanza, foleni nzima nyuma inapiga kelele "piga, mkia uko juu, imeandikwa piga!" Nikapiga. Leza. Imechoma wote wawili, Cloud na mwenzake Barret. Nikatumia dawa, mstari ukajaa, "piga piga!", nikapiga, leza. Nimekufa mara mbili siku hiyo na mia nne yangu imekwenda na watoto wananicheka.

Siku ya tatu nimerudi, mkia umepanda, mstari wa Cloud umejaa, wa Barret umejaa, na hapohapo mwenye kibanda akaja kudai hela yake. Nikaweka pedi mapajani nikaanza kupekua mifuko. Natafuta sarafu, nge kasimama mkia juu, hafanyi kitu. Kimya. Nikampa hela, nikainua macho, mkia ukashuka wenyewe. Nikapiga. Hakuna leza.

Jamani nilikaa pale mdomo wazi. Kwa sababu kila kitu kwenye ile skrini kinakwambia harakisha, mstari umejaa, muziki unakimbia, watu nyuma wanapiga kelele, na jibu lilikuwa ni kutobonyeza. Kumbe kukaa kimya nako ni zamu! Dragon Quest haiwezi kukufundisha hilo maana kule saa imesimama na kusubiri ni bure, haikugharimu kitu. ATB imekufanya kusubiri kuwe na bei, na bosi wa kwanza kabisa ndo anakutoza. Hiyo ndo tofauti ya mifumo hii miwili, mengine yote ni mapambo.

Nilisevu kwenye memori kadi ya kibanda, ina nafasi 15 tu, wiki iliyofuata mtu kafuta kuweka timu yake ya mpira. Sina kinyongo. Ninacho.

Na tafadhali, usije ukaniambia ATB ni vurugu, nenda kwenye mipangilio uweke Wait, ukifungua menyu ya uchawi au vitu saa inasimama. Watu wanalalamika miaka 20 hawajafungua mipangilio.

Natoka nje ya mada kidogo. Final Fantasy IV ina mzee anaitwa Tellah, mchawi mkubwa, kila mtu akipanda levo MP, yaani nguvu ya kurushia uchawi, inaongezeka, yake inagoma kwenye 90. Unadhani ni hitilafu. Baadaye anajifunza uchawi wa Meteo, unafungua menyu unaona gharama yake ni 99. Umeelewa? 99, na mzee ana 90, na hazitaongezeka. Hakuna aliyekwambia neno ila hesabu imeshakwambia huyu mzee akija kuurusha ule uchawi atalipa na kitu kingine. Na anaurusha, anakufa. Gemu ni ya 1991, kama nimekuharibia si kosa langu. Ndo maana nikisikia mtu anasema RPG ina hadithi upande huu na vita upande ule natamani nimkalishe na huyo mzee.

Haya turudi, mratibu ananiangalia.

Final Fantasy X, 2001, mbunifu wa vita vyake Toshiro Tsuchida akaitoa saa ukutani akaiweka mezani. Pembeni ya skrini kuna orodha, nani anafuata, nani baada yake, na ukichagua pigo jepesi unaona jina lako linapanda palepale kabla hujabonyeza. Kukimbizana hakuna, na katikati ya zamu unabadilisha mtu bila kulipa. Mimi naona ndo mfumo wa zamu uliokaa sawa kuliko yote ya Square, kampuni ya Final Fantasy, na watu wa VII mninunie tu.

Shin Megami Tensei III: Nocturne, 2003, ya kampuni ya Atlus, hii ilistahili saa nzima peke yake. Kule saa ni hela. Mko wanne, mna zamu nne mfukoni, adui naye ana zake. Ukimpiga udhaifu wake umetumia nusu tu, kwa hiyo nne zinaweza kuwa nane. Ukikosa umepoteza mbili. Akikurudishia pigo lako au akalinyonya, zote zimekwenda, kaa utazame. Na wenzako ni majini, unaongea nayo, unayahonga yaje upande wako, sisi watu wa pwani tungeielewa hiyo kabla ya Mjapani. Afu unakutana na Matador, fuvu kavaa nguo za mcheza na ng'ombe, anatikisa kitambaa chekundu, kukwepa kwake kunapanda mpaka juu kabisa, unampiga unakosa, mbili zimekwenda, unampiga unakosa, huna zamu. Watu wamerusha pedi ukutani hapo. Suluhisho ni kurudi ukatafute majini yasiyodhurika na upepo na uchawi wa kumshusha huo wepesi. Yaani anakulazimisha ujifunze gemu yenyewe, ubabe wa levo peke yake haukufikishi mbali.

Chrono Trigger, 1995, ni ATB ila maadui wanatembea na mahali walipo pana maana, unasubiri wajipange mstari ndo uwachome wote, na watu wawili wanaunganisha mapigo kama zamu zote mbili zimejaa, yaani tena ni kusubiri, tena ni nge wangu yule. Super Mario RPG, 1996, kubonyeza kwa wakati pigo linapotua, na Wafaransa wameirudisha 2025 kwenye gemu yao Clair Obscur watu wakashangaa kama kitu kipya. Mother 2 ya 1994, hii naipenda kupita kiasi: ukipigwa pigo la kuua hufi hapohapo, namba za uhai zinazunguka kushuka kama mita ya kilomita kwenye gari, na kama kidole chako kinawahi dawa kabla hazijagota sifuri umepona. Vita vya zamu kabisa lakini unatokwa jasho. Saa imefichwa ndani ya kidonda!

Gemu ya Grandia niliahidi, muda hautoshi, mnisamehe mlioicheza kwenye mashine ya Saturn.

Swali? Nani, wewe mwenye kofia. Tales of Phantasia? Ile si zamu, unamkimbiza mtu mwenyewe kushoto kulia kama ngumi, nzuri, ila si mada ya leo, kaa chini mdogo wangu.

Laptop iko pale mezani, nimefungua Final Fantasy VII, nimesevu mlangoni kwa nge. Pedi ni moja, pangeni foleni. Na atakayesimama nyuma ya mwenzake akamwambia "piga", namtoa nje.