Gurudumu Ndilo Injini
Mhadhara kwa mafundi seremala na walimu wa madarasa ya awali, Keko, Dar es Salaam

Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo.

Kukata duara, kuunga ubao na kupiga msasa mnakujua, kwa hiyo hapo sipotezi muda. Leo tunazungumza ekseli, ile fito inayounganisha magurudumu mawili ya kigari cha kuchezea watoto. Ndiyo, ekseli tena. Anayeguna aendelee kuguna, lakini asikilize.

Chukueni kigari chochote cha mbao kinachouzwa barabarani, kile cha kusukuma kwa mpini. Juu kuna ndege mzuri wa mbao, macho yamechorwa, rangi inang'aa. Sasa kigeuzeni chini. Kila gurudumu limepigiliwa msumari wake, linazunguka peke yake, na mwili wa kigari hauna habari. Mteja akiuliza mbona hakilii wala bawa halichezi, fundi anasema tutafunga kengele. Utafunga kengele wapi, bwana, wakati ndani hakuna kinachozunguka?

Kigari cha aina hii kina injini moja tu, nayo ni msuguano kati ya gurudumu na sakafu. Mtoto anasukuma, sakafu inazungusha gurudumu, gurudumu lizungushe ekseli, na ekseli ifanye kazi zote. Kwa hiyo gurudumu lishikamane na ekseli, na ekseli izunguke ndani ya mwili. Msumari umekata mnyororo huo mwanzoni kabisa.

Vipimo sasa. Gurudumu kipenyo milimita 100, ekseli fito ya mviringo ya milimita 10. Tundu la gurudumu liwe milimita 10, libane. Tundu la mwilini liwe 11. Wapo wanaotoboa 10 kote kwa sababu "inakaa safi". Inakaa safi mwezi wa Januari. Masika ikifika, unyevu wa Dar unavimbisha mbao, ekseli inakaba, na gurudumu linaburuzwa kama kiatu. Pakeni nta ya mshumaa pale ekseli inapopita. Msitie mafuta, yanakusanya mchanga na kuloweka mbao.

Gundi peke yake haitoshi kwenye gurudumu. Plaiwudi ya milimita 18 inaishika ekseli kwa eneo dogo, na mtoto akisimama juu ya kigari (atasimama) gundi inaachia. Bandikeni kiduara cha milimita 40 katikati ya gurudumu, upande wa ndani, unene upate 36. Kisha toboeni kutoka ubavuni mwa kiduara kupita katikati ya ekseli, tundu la milimita 3, na mpige kijiti cha mshikaki chenye gundi. Hapo limekamatwa.

Mtu atasema: magurudumu yote mawili yakikamatwa, kona itapigwaje? Swali zuri. Kigari kikiwa chembamba, sentimita 12 kutoka gurudumu hadi gurudumu, moja litateleza kidogo kwenye kona na mtoto hatajua. Kikizidi sentimita 20, kamata moja tu, jingine liachie lizunguke. Ila kumbuka ukikamata moja umebaki na nusu ya nguvu. Na nguvu yenyewe si nyingi.

Hebu tuihesabu. Kigari kina uzito wa kilo moja. Gurudumu la mbao tupu kwenye vigae linashika kwa takriban theluthi ya uzito huo, sema gramu 300. Ukilivisha ukanda wa tyubu ya baiskeli, mshiko unaweza kufika mara mbili ya hapo kwenye sakafu safi. Gramu 300 ukingoni mwa gurudumu, milimita 50 kutoka katikati. Kigari kitalia kwa jino, kijiti kinachozunguka na ekseli na kukwangua ulimi wa mwanzi, tutaufikia; ncha ya jino hilo iko milimita 28 kutoka katikati. Mia tatu mara 50, gawa kwa 28: unapata gramu 530 na kitu. Nusu kilo. Hiyo ndiyo bajeti yako yote, na ulimi ukidai zaidi gurudumu litateleza na kigari kitanyamaza.

Ndiyo maana napenda cha kusukuma kuliko cha kuvuta kwa kamba. Mpini uliolala mshazari unasukuma mbele na chini kwa pamoja, mshiko unaongezeka. Kamba inavuta mbele na juu, inawapunguzia magurudumu uzito pale pale unapouhitaji.

Sauti yenyewe. Katikati ya ekseli kamateni kigogo cha kipenyo cha milimita 40, kwa gundi na kijiti vilevile. Kitoboeni, mtie meno ya fito ya milimita 6, kila jino litokeze milimita 8. Juu yake pachikeni ulimi wa mwanzi uliopasuliwa: milimita 120 kwa 15, unene 2. Mzizi ufungwe kwa skrubu mbili kwenye uso wa sanduku la plaiwudi ya milimita 3, au kwenye kifuu cha nazi kilichotobolewa. Ncha ielekee moja kwa moja katikati ya ekseli.

Narudia: moja kwa moja katikati. Wengi wanaulaza ulimi ubavuni mwa kigogo, kama manyoya ya kuku. Kwenda mbele unalia vizuri sana. Mtoto akirudi nyuma, na kurudi nyuma ndiyo nusu ya mchezo, jino linaingia chini ya ncha na kuuvunja. Kosa la pili ni kuweka kibao cha kugongwa nyuma ya ulimi. Kwenda mbele kinagongwa, kurudi nyuma kinauzuia ulimi usipinde, na kigari kinakwama. Uacheni ulimi upinde pande zote mbili na kuachiwa. Mshtuko wa kuachiwa ndio unaolia, sanduku linaukuza.

Jino na ulimi vipishane milimita 2 tu. Mnaona ndogo? Kwa umbo hili, mpishano wa 2 unausukuma ulimi pembeni kiasi cha milimita 10 kabla haujaachiwa. Mkiweka 4, unasukumwa zaidi ya 14. Hapo ndipo nusu kilo yetu inapoishia.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Bana mzizi wa ulimi mezani, ncha itokeze nje, tundika nchani chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Ncha isiposhuka angalau milimita 10, chonga. Mwanzi wa milimita 2 kwa kawaida unapita bila shida, wa 3 haupiti. Kama umekamata gurudumu moja tu, tumia chupa iliyojaa nusu.

Meno mangapi? Si manane. Gurudumu hili likizunguka mara moja linakwenda sentimita 31. Mtoto anayetembea nusu mita kwa sekunde analizungusha mara 1.6. Meno manane yanatoa mapigo 13 kwa sekunde, huo ni mkwaruzo. Matatu yanatoa karibu matano, na sikio linayahesabu. Halafu msiyapange sawa. Acheni nyuzi 60, kisha 120, kisha 180, mtapata mdundo wa ngoma badala ya saa ya ukutani.

"Kwa nini tusiweke betri na spika?" Nililitegemea. Betri ya kitufe ikimezwa inaweza kuunguza koo la mtoto ndani ya saa mbili. Na spika inaimba hata kigari kikiwa kimelala, mtoto hajifunzi kwamba hatua yake ndiyo iliyoleta mlio. Wamarekani waliiuza Corn Popper, kigari cha kusukuma cha kampuni ya Fisher-Price, kuanzia 1957 bila betri: magurudumu yanaendesha kibamba kinachorusha vipira ndani ya kuba angavu.

Naona naonyeshwa saa. Mabawa, haraka: ekseli ya waya wa milimita 3 iliyopindwa krenki, yaani kiwiko, ikitoka katikati kwa milimita 10 bawa litapanda na kushuka 20. Mwanya kati ya sehemu zinazocheza uwe chini ya milimita 5 au zaidi ya 12, katikati ya hapo vidole vinabanwa. Kitu chochote kinachoweza kung'oka na kupita kwenye tundu la milimita 32 hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na hapo vizibo vya soda vimeondoka, samahanini. Mpini wa fagio, sentimita 60, mwisho wake tufe la milimita 50. Rangi yenye madini ya risasi hapana.

Aliyekuja na kigari chake akilete hapa mbele tukigeuze chini. Na nani ana chupa ya maji ambayo hajaifungua?