Je, Mpendwa Ana Nafasi ya Kukataa?

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunikaribisha. Mliokwisha kunisikia mnajua ninakoelekea, na mnivumilie. Kila nikidhani hoja hii imeeleweka, inatoka filamu nyingine na watu wanatoka ukumbini wanafuta machozi mahali ambapo walipaswa kukasirika.

Swali langu ni moja. Filamu ya mapenzi ikishampa mmoja wa wapenzi uwezo usio wa kibinadamu, aruke angani, asome mawazo, arudishe saa nyuma, awe mzimu au malaika, mimi namwangalia yule mwenzake asiye na uwezo wowote. Je, ana nafasi ya kukataa?

Tuanze na Ghost ya mwaka 1990. Najua mnachokikumbuka: udongo, gurudumu la mfinyanzi, Patrick Swayze, yaani Sam, nyuma ya Demi Moore, yaani Molly. Jamani, pale Sam yu hai! Ana mikono, ana pumzi, hakuna mzimu hapo. Nimebishana na watu wazima kuhusu jambo hili. Tukio lililobeba moyo wa filamu ile liko mbele sana, nalo linahusu mlango.

Sam ameshauawa. Molly yuko ndani, amejifungia. Nje amesimama Oda Mae, nafasi iliyompa Whoopi Goldberg tuzo ya Oscar, mwanamke aliyekuwa akiwadanganya watu kwamba anaongea na wafu mpaka siku alipomsikia mmoja kweli. Anabembeleza afunguliwe. Molly hafungui, na ana haki, maana polisi wamemwonyesha jalada la mama huyu: tapeli wa siku nyingi. Sasa mtazameni Sam. Mtu huyu anapenya kuta. Mbao za mlango kwake ni kama moshi. Lakini anachokitaka ni Molly amwamini, na hapo hakuna pa kupenyea. Basi anamwambia Oda Mae apitishe sarafu ya senti moja chini ya mlango. Sarafu inaanza kupanda, taratibu, imeegemea ubao. Inaachana na ubao. Inaelea. Inakuja kutua kwenye kidole cha Molly, na machozi yanamtoka.

Kumbukeni sarafu ile imemgharimu nini. Alipokufa hakuweza kusogeza hata kitu kidogo. Ilibidi akafundishwe na mzimu mwingine, mkali kama pilipili, kwenye treni ya chini ya ardhi, namna ya kukusanya uchungu wake wote na kuupeleka kwenye ncha ya kidole. Uchungu wote ule, na anachonyanyua ni senti. Hamshiki Molly kwa nguvu, haingii kichwani mwake kumbadilisha mawazo. Anamletea ushahidi mdogo kabisa, kisha anangoja. Kitasa kiko upande wa Molly.

Namsikia mtu anasema, "Hizo ni hadithi tu, tunaangalia kujifurahisha." Ndugu yangu, kutongoza ulifundishwa darasa la ngapi? Uliona. Wengi wetu tuliona kwenye skrini kabla hatujathubutu kumsemesha mtu, na tulichokiona ndicho tulichokwenda kukijaribu. Kwa hiyo nisiambiwe ni hadithi tu.

Haya, Superman II, 1980. Watu wananiambia, "Lakini yeye aliacha nguvu zake kwa ajili ya mpenzi wake Lois!" Aliziacha, ndiyo, na nikampenda kwa hilo. Akapigwa na dereva wa lori mgahawani, akaiona damu yake mwenyewe. Hapo kuna mapenzi. Lakini anazirudia nguvu, na mwishoni Lois anaumia kwa siri anayoijua, kwamba mfanyakazi mwenzake Clark ndiye Superman, na Superman anambusu na kumfuta kumbukumbu. Kumbukumbu za Lois! Mapenzi yake, maumivu yake, uamuzi wake wa kumpenda mtu mgumu kupendwa, vyote vinafutwa bila kuulizwa. Na muziki unapigwa kana kwamba ni hisani. Hapana. Angemwacha aumie, angepona mwenyewe kama sote tunavyopona.

Groundhog Day ya 1993 ililielewa jambo hili kuliko nyingi zinazojisifu. Phil amekwama kwenye tarehe 2 Februari, siku ileile kila asubuhi, anautumia mtego huo kumchunguza Rita, mwanamke anayemtaka: kinywaji anachopenda, dua yake anaponyanyua glasi, mashairi ya Kifaransa. Leo anakosea, kesho anasahihisha. Na kila usiku anapigwa kofi. Kofi, kofi, kofi! Rita hajui chochote kuhusu siku zinazojirudia, lakini ananusa kwamba mtu huyu amemkariri. Kofi lile ndiyo nafasi ya kukataa ninayoizungumzia. About Time ya 2013, pamoja na utamu wake, haina kofi: kijana anarudi nyuma ya wakati, anamsogelea Mary akiwa tayari anajua apendacho, na Mary hajui kamwe, hata filamu inapokwisha. Naipenda filamu ile, na jambo hilo linanikera kila ninapoirudia.

Muda unaniishia. Nilitaka kuieleza Hancock ya 2008, wale wawili wanaopoteza nguvu wakikaribiana, naye Hancock anaondoka hospitalini ili mwenzake apone. Mwenye kusoma mawazo naye nilitaka nimshughulikie vizuri. Tutarudi siku nyingine.

Nimalizie na Wings of Desire ya Wim Wenders, 1987. Malaika Damiel yuko Berlin, anasikia mawazo ya kila mtu, pamoja na ya Marion, mwanamke wa sarakasi anayempenda. Dunia yake haina rangi. Anaamua kuwa binadamu. Anaamka kichwa kinavuja damu, anailamba damu ile, anagundua ina ladha, anamwuliza mpita njia majina ya rangi. Mawazo ya Marion hayasikii tena. Inabidi amtafute kwa miguu. Anampata baa, usiku, baada ya muziki, na Marion ndiye anayeanza kusema, kwa sauti, maneno aliyoyachagua mwenyewe. Damiel amesimama pale, anasikiliza.