Sera Imesasishwa, Huduma Imegoma: Msizime SELinux

Ndugu zangu, naanzia palepale ninapoanzia siku zote. Sera ya SELinux, ulinzi wa Linux unaoamua programu ipi iguse faili lipi, imesasishwa usiku, asubuhi seva ya wavuti haitoi kurasa, na mtu wa kwanza kufika kwenye kibodi anaandika setenforce 0, yaani SELinux irekodi tu, isizuie chochote. Kurasa zinarudi, watu wanashusha pumzi. Hapana! Mmeondoa ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya saraka moja.

Someni rekodi za makatazo (AVC) kwanza: ausearch -m AVC -ts recent. Tazameni scontext, yaani nani kaomba. Tcontext, kaomba nini. Na tclass, kitu hicho ni faili, saraka au soketi. Mara nyingi mtakuta httpd_t, yaani seva ya wavuti, amenyimwa faili lenye lebo default_t. Lebo ni alama inayoiambia SELinux faili ni la aina gani, na default_t ni ya mahali ambapo sera haipajui. Hapo sera haina kosa. Kuna mtu aliweka tovuti ndani ya /data, akaipa lebo ya wavuti kwa amri ya chcon, ikafanya kazi miezi kadhaa. Lakini chcon hubandika lebo kwenye faili tu. Haiandiki kanuni popote. Siku restorecon, amri ya kurudisha lebo, inapopita, lebo hurudi ilivyoagizwa na sera, na huduma inaanguka. Sasisho limefichua tu deni la zamani.

Dawa ni amri mbili, si moja:

semanage fcontext -a -t httpd_sys_content_t '/data/tovuti(/.*)?'
restorecon -Rv /data/tovuti

Ya kwanza huandika kanuni, ya pili huitekeleza. Mkiishia ya kwanza, faili zilizopo hazibadiliki hata kidogo. Na kumbukeni: mv huhama na lebo ya kule faili lilikotoka, ilhali cp kwa kawaida hutoa nakala yenye lebo ya kule inakokwenda.

Najua mtaniambia, “Watumiaji wanasubiri!” Sawa. Basi legezeni huduma hiyo peke yake: semanage permissive -a httpd_t. Makatazo yataendelea kurekodiwa, nyingine zote zitabaki chini ya ulinzi. Mkimaliza, ondoeni legezo hilo kwa semanage permissive -d httpd_t. Siku hiyohiyo!

Muda unanibana. Seva ikihitaji poti mpya, iandikisheni: semanage port -a -t http_port_t -p tcp 8095. Swichi za sera zinazobadilishwa kwa setsebool bila -P hupotea mashine ikiwashwa upya. audit2allow, chombo cha kutunga kanuni kutoka kwenye rekodi, hugeuza kila katazo kuwa ruhusa, hata la mvamizi, kwa hiyo someni faili la .te, lenye kanuni hizo, kabla ya kuzisakinisha kwa semodule -i. Na kama huduma inakwama bila rekodi yoyote, semodule -DB hufungua makatazo yaliyonyamazishwa. Jaribuni tena, someni, kisha semodule -B kuyanyamazisha.