Fundi Aliyeacha Kupiga Windo

(Mhadhara kuhusu Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, uliotolewa Mbeya, Jumamosi asubuhi, mbele ya walimu, wanafunzi na wenye steshenari. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Shikamooni wazee wangu. Kamwene kwa mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Njombe. Wenyeji, ugonile. Naona makoti yamefungwa mpaka kidevuni. Julai ya Mbeya haina masihara, kwa hiyo nikirefusha maneno, mtu mmoja akohoe, nitaelewa.

Mimi ni fundi. Sina digrii ya kompyuta. Kwa miaka kumi na kitu nimekaa kibandani Mwanjelwa nikipiga windo, yaani kusakinisha Windows upya. Neno mnalijua: laptopu imekuwa nzito, fundi anaitazama kwa huruma, anasema "hii inataka kupigwa windo", unaacha elfu kumi au kumi na tano, jioni unaifuata. Wangapi hapa wamewahi kupigiwa windo? (Mikono karibu yote.) Na wangapi walionyeshwa leseni yake? (Kicheko.) Basi tumeelewana.

Windows tuliyokuwa tunawawekea ilikuwa nakala iliyofunguliwa kwa kiprogramu tunachookota mtandaoni. Na kiprogramu kile, kabla hujakiendesha, kinakuambia uzime antivirusi. Hebu lifikirieni hilo. Ninamwondoa mlinzi getini, ninamkaribisha mgeni nisiyemjua, anashinda ndani akifanya anachofanya, halafu jioni ninakukabidhi funguo na kupokea elfu kumi na tano zangu. Nilifanya hivyo miaka mingi na nilijiona fundi mzuri.

Jioni moja akaja kijana wa chuo. Kesho yake anatakiwa kukabidhi utafiti. Alikuwa amepita steshenari kuprinti kurasa mbili, aliporudi na kuchomeka flashi yake, mafolda yote yamegeuka shotikati. Wenye steshenari mnacheka. Ugonjwa huu mnaujua kuliko mimi. Kirusi kile mara nyingi hakifuti kitu. Kinayaficha mafolda yako, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya, unakuwa umekiendesha chenyewe. Kinahamia kwenye kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa hapo inaondoka nacho.

Droo yangu ilikuwa na flashi moja ya Linux. Ilikuwa inatoka siku ya shida tu, kama tochi. Nikaiwasha kompyuta kwa flashi ile, Windows ikabaki imelala, nikachomeka flashi ya kijana, nikaifungua. Utafiti ukawa pale, mzima, sura zote tano. Zile shotikati zilikuwa vifaili tu vimekaa, maana zimeandikwa kuiamrisha Windows na hapa hapakuwa na wa kuzitii. Kijana akaniuliza: "Sasa fundi, kama hii haidhuriki, mbona kwenye laptopu yangu uliweka ile nyingine?"

Nikamjibu eti watu wameizoea. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani.

Msinielewe vibaya. Linux nayo hushambuliwa, hasa zile kompyuta kubwa zinazohudumia mtandao. Ila hivi virusi vya flashi vinavyozunguka mjini kwetu, kutoka steshenari hadi chuoni hadi ofisi ya kata, vimetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Kwa wasioifahamu, niseme kwa kifupi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi alioupa jina GNU, wa kutengeneza mfumo endeshi ambao mtu anaruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuurekebisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo, ndiyo Linux yenyewe. Vikakutana. Tangu hapo watu mbalimbali wamekuwa wakikichukua kiini hicho na kukivika nguo zao. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikuja na ya kwake, akaiita Ubuntu, yaani utu. Mnyakyusa anayemwita mtu umundu hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Na mwaka uleule mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Vijana wengi hapa hawajawahi kuisikia, na hilo linanisikitisha kidogo.

Hapa sote ni wakulima, hata waliovaa tai. Mahindi ya chotara ukiyavuna huwezi kuyafanya mbegu ya mwakani. Yataota, lakini mavuno yanaanguka, kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Mbegu ya kienyeji unaitunza darini juu ya moshi, jirani akija na kopo unampimia. Windows ni ile ya dukani, na Linux ni ile ya darini. Na mzee asiniambie chotara inazaa zaidi, maana ni kweli, inazaa, na kwa kazi fulani programu ya kulipia ni bora, nitafika huko. Ninachosema ni kwamba wengi wetu hatukuwahi kwenda dukani. Tumekuwa tukichukua mbegu ya mwenye duka kwa mlango wa nyuma wakati ya halali ipo darini.

Kwa nini niseme leo? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Kwa watu binafsi kuliwekwa mwaka mmoja wa nyongeza, kwa anayejiandikisha. Na Windows 11 ina masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa kawaida, inataka kizazi cha nane kwenda mbele. Fungua taarifa za kompyuta yako usome. Ukiona i5-3320M, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha tatu. Laptopu za mtumba tunazonunua, ThinkPad zile, EliteBook zile, nyingi ni kizazi cha pili, cha tatu, cha nne. Kibodi safi, kioo safi, mwili mgumu kama jiwe la kimondo cha Mbozi. Kisha mtu anaambiwa imekufa.

Haijafa. Yenye RAM ya GB 4 inaendesha vizuri Linux Mint, mojawapo ya zile Linux zilizovikwa nguo. Mimi huwawekea toleo lenye mwonekano uitwao Xfce, maana ni jepesi, na menyu iko chini kushoto pale mkono ulipozoea kwenda. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Ukiwa na hela kidogo ya ziada, toa diski ile ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, hata ya GB 120. Hakuna jambo litakalokushangaza kama hilo.

Sasa kuna habari ya bando. Faili la Mint linakaribia GB 3. Usilipakue wewe na jirani na shemeji. Mmoja alipakue kwa bando la usiku, wengine wanakili. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi, kunakili ni halali! Leseni yenyewe inaruhusu. Flashi ya GB 8 inatosha. Kiprogramu kiitwacho Rufus kinaiandaa ukiwa bado ndani ya Windows, ila kumbuka kinafuta kila kilichomo kwenye flashi hiyo. Halafu unazima kompyuta, unaiwasha ukigongagonga F12 kwa Lenovo na Dell, F9 kwa HP, unachagua flashi. Linux inafunguka bila kugusa diski. Kaa nayo wiki nzima hivyo ukitaka. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa. Kitu kikigoma, umekijua mapema na hujapoteza hata faili moja.

Hapo kwenye kupoteza nisimame kidogo.

Siku nilipoamua kuhamisha kompyuta ya nyumbani kwangu, nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Nilinakili picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje. Nikaanza kusakinisha. Mfumo unauliza: nifute diski nzima, au niweke Linux pembeni ya Windows? Nikachagua kufuta. Ukaniuliza diski ipi. Kulikuwa na mbili, zimeandikwa sda na sdb, ukubwa unakaribiana, na ilikuwa saa nne usiku. Diski ya nje nilikuwa sijaichomoa. Mmeshajua. Niliifuta ile yenye akiba.

Bahati Windows ilikuwa bado ipo na nyaraka nyingi zilikuwa huko. Lakini picha za ubarikio wa binti yangu, zile tulizopiga Rungwe siku ya mvua, nilikuwa nimezihamishia diski ya nje tu ili kupata nafasi. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, inachimbua diski iliyofutwa. Iliniletea mamia ya picha bila majina, bila tarehe, zimechanganyika na matangazo ya mtandaoni. Za Rungwe zikapatikana kumi na moja. Mama watoto aliniuliza kwa upole mmoja mbaya sana: "Wewe si ndiye fundi?"

Kwa hiyo: nakili, fungua nakala uone inafunguka, kisha ichomoe uipeleke chumba kingine. Chumba kingine kabisa. Na usifanye kazi hii usiku, wala laptopu ikiwa na betri iliyokufa, maana umeme wetu mnaujua.

Ndiyo, mama, uliza. (Mwenye steshenari kutoka Kabwe: "Mteja akileta kazi ya Word, na kadi za harusi za Publisher?")

Asante, hilo ndilo linalouma. Word inafunguka kwa LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja na Mint. Shida ni miandiko. Times New Roman ya Microsoft haimo, inawekwa Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo mistari haikimbii. Badala ya Calibri kuna Carlito, hivyo hivyo. Barua, mtihani, taarifa ya kikao havina shida. Utafiti wa kurasa themanini wenye majedwali na yaliyomo ya kujitengeneza, majedwali yatacheza, na msimamizi atakasirika. Mwombe mteja PDF. Publisher sikudanganyi, LibreOffice inaifungua kwa kuchechemea. Ila hata huko Windows, Microsoft wametangaza kuwa Publisher inafika mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo kadi zako zitahama tu, uje Linux usije. Mimi ningekushauri kompyuta moja ibaki na Windows ya halali kwa kazi hizo, na ile ya kupokea flashi za wateja iwe Linux. Hiyo ya kupokea flashi kwanza. Wanafunzi watakuombea.

Printa: za HP nyingi zinatambulika zenyewe. Baadhi ya leza ndogo zinazopendwa na steshenari zinasumbua mno. Niliwahi kushindana na moja siku mbili, nikairudisha kwenye Windows na heshima yangu ikapungua. Ijaribu kwa flashi kabla hujaamua. Anayefanya hesabu kwa QuickBooks, anayefanya kazi za Adobe, abaki alipo. Vijana wa magemu, mengine yanacheza, mengine hayachezi, na mimi si mtu wa kuulizwa.

(Mwalimu kutoka Kihesa, Iringa: "Je, lazima kuandika zile amri kwenye kioo cheusi?")

Mwalimu, hapana. Kuna duka la programu, unabofya kama simu. Tena simu yako ya Android, kiini chake ni Linux hiyohiyo, umekuwa ukiitumia miaka yote bila kioo cheusi. Na tangu Novemba 2017 kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zote, zinaendeshwa kwa Linux, asije mtu akakuambia ni ya walioshindwa kununua. Kioo cheusi kipo, kikikupendeza utakizoea. Masasisho nayo unaamua mwenyewe uyashushe lini, hayakuvamii asubuhi ya mtihani na kula bando. Ya kwanza ni mazito, kayashushie penye Wi-Fi ya mtu. (Kicheko.)

Nimesikia kikohozi. Haya.

Mezani hapa nina flashi sita zimeshaandaliwa, na waya wa umeme unafika mpaka safu ya tatu. Nani amekuja na laptopu yake? Mwalimu wa Kihesa, lete hapa. Hatuifuti leo, tunaiwasha tu uione. Hii ni Lenovo, kwa hiyo F12. Na hii diski ya nje iliyoning'inia pembeni, ina nini ndani? Picha? Chomoa kwanza. Mpe yule dada akushikie.