Kabla Hujanunua Kopo: mazungumzo na wanaume wa mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza

Wangaluka! Ahsanteni kwa kuacha mizani kidogo. Najua dagaa hawasubiri.

Nimeombwa nizungumzie makopo yanayouzwa kwa ahadi ya kuongeza mbegu za kiume. Soma lebo: vitamini C, vitamini E, zinki, seleniamu. Kwa jina moja huitwa antioksidanti, yaani vizima-moto vya chembe kali mwilini.

Wazo lenyewe si la kitapeli. Mwili ukitumia oksijeni huacha chembe kali, na sigara au maambukizi huzizidisha. Mbegu ni dhaifu mbele yake: ngozi yake imejaa mafuta yanayoharibika upesi, na mwilini mwake hamna nafasi ya vifaa vya kujitengeneza. Lakini nyie mnabanika sangara, mtanielewa. Moto ukizidi, samaki anaungua. Ukiuzima wote, unabaki na samaki mbichi. Mbegu nayo inahitaji moto kidogo ndipo iweze kuliingia yai.

Sasa, je, vidonge vinaleta mtoto? Mwaka 2020 Marekani walitoa majibu ya jaribio la wanaume 2,370 ambao wao na wake zao walikuwa wanatafuta matibabu ya uzazi. Nusu walimeza zinki na foliki, vitamini ya kundi B, kila siku kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge vitupu bila kujua. Waliopata mtoto hai: asilimia 34 kwa wenye dawa, asilimia 35 kwa wenye vidonge vitupu. Na walioumwa matumbo zaidi ni wale wa dawa! (Kicheko.) Mwaka huohuo jaribio jingine, dogo zaidi, likachanganya karibu kila kitu kilichomo kwenye makopo yenu. Miezi mitatu ikapita, mbegu ni zilezile.

Wapo watakaowaambia kuna tafiti zinazosifia. Zipo, ila nyingi ni ndogo na zimefanywa kilegevu. Mimi fedha yangu nisingeitoa.

Kinachoniuma ni muda. Mbegu huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, kwa hiyo muuzaji anakwambia vumilia miezi mitatu, kisha mitatu tena. Huku shemeji yetu anazungushwa kwa waganga, baba yuko kwenye bao, ilhali karibu nusu ya kesi upande wa mwanamume unahusika. Na huenda tatizo ni mishipa ya korodani iliyovimba, ambayo upasuaji mdogo unaweza kuitengeneza. Au ni homa kali ya malaria ya juzi, itapita yenyewe. Au, vijana wa jimu, ni ile sindano ya testosteroni: inajaza kifua na kuzima kiwanda.

Kipimo cha mbegu ni rahisi. Kaa bila tendo siku mbili hadi saba, toa sampuli hospitalini hukohuko. Ndugu wa Ukerewe, usiibebe kwenye chupa ukapande nayo kivuko. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja. Jibu likiwa baya, rudia baada ya wiki kadhaa, maana mbegu hupanda na kushuka.

Naam, mzee mwenye kofia? Anauliza, dagaa je? Wana zinki, mzee wangu, na kilo yake unaijua bei kuliko mimi. Kula. Lakini Jumatatu nakutegemea dirisha la maabara, saa mbili asubuhi, na usimtume mama.