Usinisomee Kama Unayejua

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa niseme maoni yangu kuhusu riwaya za kusikiliza, zile riwaya pendwa za upelelezi, mapenzi, majini na ujasusi ambazo siku hizi watu wanatembea nazo masikioni. Mimi ni fundi cherehani. Mikono ikiwa kwenye kitambaa, macho nayo yapo hapo hapo, hayawezi kwenda kwenye ukurasa. Masikio ndiyo yaliyobaki huru, nayo nimeyatumia miaka 12 sasa. Nimesikiliza za Kiswahili na za Kiingereza, nzuri na mbovu, na nyingine nimezirudia mpaka nikazijua pumzi za msomaji.

Lakini kusikiliza sikujifunzia kwenye simu. Nilijifunza kwa baba.

Baba alipoteza macho kwa presha ya macho. Ilianza pembeni, akawa anagonga fremu za milango, sisi tukidhani ni uzee. Mwisho ikabaki nuru ya dirisha tu. Na alikuwa mtu wa vitabu. Chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi la sabuni limejaa riwaya: Simu ya Kifo ya Katalambulla, ile ya mwaka 1965, Kufa na Kupona ya Musiba, ya 1974, riwaya zote za mpelelezi Bwana Msa alizofanikiwa kuzipata, na nyingine zilizokwishatoka majalada, hujui hata nani kaandika. Basi kila siku baada ya isha nakaa naye mkekani, namsomea kurasa 20, siku nyingine 30.

Sasa mimi nilikuwa na haraka. Mchana, nikipumzika kushona, naiba kurasa za mbele mpaka naumaliza mwisho. Jioni namsomea nikiwa tayari namjua muuaji. Usiku wa tatu wa kitabu kimoja, akainua mkono.

"Mwanangu, aliyeua ni yule mwenye duka."

"Umejuaje baba? Bado kurasa themanini."

"Wewe ndiye uliyeniambia. Kila ukimfikia unapunguza sauti, kama mtu anayepita mlangoni kwa mgonjwa. Usinisomee kama unayejua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa leo. Riwaya pendwa inaishi kwa siri. Msomaji wa kawaida anafungua kurasa bila kujua, lakini yule anayesomea wengine lazima ajue, maana hawezi kuingia studio na kitabu asichokijua. Kwa hiyo kila kitabu cha sauti ni mtu anayejua siri, anakaa sikioni mwako saa nane, kumi, kumi na tano, na kazi yake ni kutoitoa kabla ya wakati. Mimi humpima msomaji kwa hilo kabla sijatazama uzuri wa sauti yake.

Nikupeni kisa cha kweli. Mwaka 1935 huko Uingereza walianza kuwatolea vipofu vitabu vilivyosomwa kwenye santuri. Mmoja wa waliopigania sana jambo hilo ni Ian Fraser, ofisa wa jeshi aliyepoteza macho kwa risasi kwenye mapigano ya Somme, huko Ufaransa, mwaka 1916. Santuri za siku zile zilikwisha baada ya dakika chache, unageuza, unageuza tena. Hizi zilitengenezwa zizunguke polepole, upande mmoja ukaweza kubeba dakika 25 hivi, na kitabu kizima kikawa rundo la santuri linalokuja kwa posta. Na katika vitabu vya mwanzo kabisa waliovisoma, kimoja kilikuwa The Murder of Roger Ackroyd cha Agatha Christie, kilichochapishwa mwaka 1926.

Waliokisoma wananielewa kwa nini kisa hiki hunigusa. Kitabu kile kinasimuliwa na mtu anayesema "mimi", na ufundi wake wote umo katika namna anavyosimulia. Sitasema zaidi, maana najua humu wamo ambao bado hawajakisoma, na sitaki kuwaharibia. Ila mfikirieni msomaji yule mbele ya kipaza sauti. Santuri haikuwa na kufuta na kurudia kama tunavyofanya leo. Anajua kila kitu. Na anayemsikiliza ni askari kipofu ambaye kwa miaka kumi na tisa amejifunza kuwatambua watu kwa sauti tu. Sikio kama hilo hulidanganyi kwa urahisi. Sikio la baba lilikuwa la namna hiyo.

Nije kwenye sauti za wahusika, maana hapa ndipo nabishana na wengi. Kuna watu wanaamini msomaji mzuri ni yule anayebadilisha sauti kwa kila mtu: bibi ana yake, mlevi ana yake, mtoto ana yake. Yupo mwigizaji Mwingereza, Roy Dotrice, aliyeingia katika kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kwa kuwapa sauti wahusika 224 katika riwaya moja, A Game of Thrones ya George R. R. Martin. Mia mbili ishirini na nne! Namheshimu sana mzee yule. Lakini aliporudi mwaka 2011 kusoma kitabu cha tano cha mfululizo huo, akiwa na miaka 88, baadhi ya wahusika walikuja na sauti nyingine kabisa, na wasikilizaji waliowazoea walilalamika. Nawaelewa. Ukimpa mtu sauti, umempa uso. Ukija kuubadilisha, msikilizaji anahisi kaletewa mgeni anayejiita ndugu yake.

Na mimi nikimsikiliza Dotrice, kinachonishika ni pale anaposoma maelezo yenyewe, theluji, ukuta, njia ya farasi, kwa sauti ile kavu ya mzee aliyeona mengi. Zile sauti 224 ni mapambo juu yake. Tofauti ya watu wawili wanaozungumza inatosha kuwa ndogo: huyu anavuta pumzi kabla ya kusema, yule anameza mwisho wa neno. Baba alimtambua jirani kwa kandambili zake.

Ndiyo maana pia kitabu kimoja kikisomwa na watu wawili huwa vitabu viwili. Harry Potter huko Uingereza alisomwa na Stephen Fry, na toleo la Marekani likasomwa na Jim Dale, Mwingereza vilevile. Mtoto aliyekulia London na aliyekulia Chicago wanayajua maneno yaleyale, lakini kila mmoja atakuapia kwamba wake ndiye wa kweli. Mimi niko kwa Fry, maana hakimbilii kuchekesha. Anaacha sentensi ifike.

Sasa tuingie nyumbani kwetu, maana hapa nina uchungu.

Simulizi za sauti za Kiswahili zimejaa kwenye simu. Nazipenda, nasema wazi. Madereva wa malori wanazo, wasusi wanazo, walinzi wa usiku wanazo. Nani alisema Waswahili hawapendi riwaya? Wanazipenda mpaka wananunua bando kwa ajili yake. Na sikio tulikuwa nalo tangu zamani. Waliomsikiliza Pwagu na Pwaguzi Radio Tanzania wapo humu. Ila mchezo wa redio una watu wengi, milango, nyayo. Kitabu kina mtu mmoja na maneno, na haya mambo mawili wasimulizi wetu wanayachanganya. Mwanamke anaingia chumbani, hajasema hata neno, tayari ngoma imelia duu! Maskini mwandishi kahangaika kurasa kumi kumfanya aonekane mwema, na anayeweka muziki kamfichua kwa sekunde moja. Ukiuondoa muziki wote, simulizi nyingi kati ya hizo zingekuwa bora zaidi usiku huohuo.

Halafu ile tabia ya kukatisha. Sehemu ya 14 inaishia mtu kashika kitasa, unaambiwa ukitaka zilizobaki tuma pesa kwa namba hii. Kulipa siyo shida yangu. Msimulizi anakula, na kazi yake ni ngumu, mimi nalipa. Shida ni kwamba hadithi inaanza kutungwa kwa ajili ya vitasa. Kila dakika 20 lazima mtu ashike kimoja, hata kama hakuna mlango.

Na matamshi. Ndugu zangu, matamshi! Mwaka jana nilinunua riwaya moja ya upelelezi iliyosomwa vizuri kiasi, sauti ya kijana, safi. Mpelelezi anauliza marehemu alikuwa na ugomvi gani na shemeji yake. Nikasikia: "Waligombana kwa sababu ya mahali." Nikaacha pindo la gauni. Mahali gani? Shamba? Kiwanja? Nikaishika hiyo kama ushahidi, nikawa namtafuta mwenye kiwanja saa nzima. Kumbe ni mahari! Ugomvi ulikuwa wa posa, na ufunguo wa kitabu chote ulikuwa katika herufi moja, r, ambayo msomaji hanayo mdomoni na hakuna aliyekaa naye studio kumrudisha. Simlaumu kwa lahaja ya kwao, kila mtu ana kwao. Nawalaumu waliomwacha peke yake. Kitabu cha karatasi kina mhariri. Cha sauti nacho kinamtaka mtu wa kukaa pembeni na karatasi, anayesikia na kusema, rudia hapo.

Mkichukua Bwana Msa ndiyo mtaona. Muhammed Said Abdulla alikuwa Mzanzibari, mtu wa Makunduchi, na Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, kimeandikwa kwa mazungumzo ya Unguja, kwa dh na gh zake na ule mzaha wa watu wanaojuana. Bwana Msa na kiko chake anafikiri kwa kuzungumza. Msomaji akisoma kitabu kile kama taarifa ya habari, kiko kimezimika. Ningetamani kumsikia mtu wa huko huko akikisoma chote, taratibu, bila kinanda.

Taratibu, lakini si kwa kuburuza. Wasomaji wa Kiingereza hukadiriwa kusoma maneno kama 9,000 kwa saa. Kwetu hesabu hiyo haiji, maana neno letu moja linabeba sentensi. "Asingalimwambia" ni neno moja, na ndani yake yumo mtu, yumo mwenzake, imo hali ambayo haikutokea. Ukilipitia kwa kasi msikilizaji anapoteza ile "si" ndogo ya katikati, na mtu aliyesema anageuka aliyenyamaza. Ndiyo maana nawaomba wanaosikiliza kwa spidi ya moja na nusu wajaribu siku moja kurudisha kawaida.

Kuna kijana pale nyuma kauliza kuhusu kompyuta, hizi sauti za kutengenezwa. Nimezisikiliza. Nilidhani zitanipendeza kwa sababu mashine haimjui muuaji, basi haiwezi kunidokeza. Kweli haidokezi. Lakini haijui hata kama kuna siri. Inamsoma muuaji, inamsoma mbuzi, inasoma mvua, vyote sawasawa, na baada ya saa moja sikio linalala. Na Kiswahili bado kinaisumbua: "alimwona barabara" inalisoma kana kwamba mtu aliona njia. Kwa kipofu ambaye hana mtu wa kumsomea, ni afadhali kubwa, nami sitamnyima. Kwa riwaya, namtaka mtu.

Nirudi kwa baba, maana sikumalizia.

Baada ya maneno yale niliona aibu. Kitabu kilichofuata nikaapa sitaiba ukurasa. Nilisoma bila kujua, pamoja naye. Ikawa mbaya zaidi. Nilikuwa nakazia pasipostahili, naharakisha penye uzito, naanza maneno ya mtu kwa hasira kumbe mwisho wa sentensi imeandikwa "alisema kwa upole", narudi kuyasoma upya. Usiku wa pili baba akasema, "Sasa unasoma kama uliyepotea."

Kitabu cha tatu nilikisoma mchana chote, mwanzo hadi mwisho, halafu nikarudi mwanzo. Nilimjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza. Ila nilipomsoma nilijitahidi nimwone kama wenzake ndani ya kitabu wanavyomwona saa ile: mtu anayemimina chai, anayeuliza habari za watoto. Sikumficha. Nilimwacha amimine chai.

Ilichukua siku sita. Baba hakukisia lolote, na kila jioni aliniuliza kama naumwa, kwa jinsi alivyokuwa haisikii ile sauti yangu ya kupita mlangoni kwa mgonjwa. Jina lilipotajwa alikaa kimya. Nikadhani amesinzia. Kisha akapapasa mkeka mpaka akalifikia goti langu.

"Rudi pale kwenye chai," akasema. "Nisomee tena."