Nani Mzima, Nani Mwendawazimu: Mhadhara kuhusu Filamu ya Mfalme wa Kopa

Ndugu wasikilizaji, filamu tutakayoitazama baada ya mazungumzo haya ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1966 na mwongozaji Philippe de Broca, na jina lake la asili ni Le Roi de cœur, yaani Mfalme wa Kopa. Ni filamu ya kuchekesha, lakini vichekesho vyake vimejengwa juu ya swali zito: tunaposema kwamba huyu ana akili timamu na yule ni mwendawazimu, tunatumia kipimo gani?

Kisa kinatokea Oktoba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia kwisha. Wajerumani wanaurudisha nyuma mstari wao, na kabla ya kuondoka katika mji mdogo wa Ufaransa wanauacha umetegwa baruti itakayolipuka saa sita usiku, pale sanamu ya shujaa iliyo kwenye saa ya kanisa itakapogonga kengele. Wakazi wanapata habari na kukimbia wote. Kikosi cha Waskoti cha jeshi la Uingereza kinamtuma Charles Plumpick, anayechezwa na Alan Bates, akategue mtego huo. Kazi yake ya kawaida ni kutunza njiwa wa kupeleka barua, na sababu kubwa ya kuchaguliwa kwake ni kwamba anajua Kifaransa. Akifukuzwa na Wajerumani anajificha katika hospitali ya wagonjwa wa akili, anaketi kati ya watu wanaocheza karata, na anapoulizwa yeye ni nani anajibu kwamba ni Mfalme wa Kopa. Tangu hapo wagonjwa wanamtambua kuwa mfalme wao, na kwa kuwa lango limebaki wazi, wanatoka.

Sehemu hii ndiyo moyo wa filamu, nami naomba tuitulizie macho. Wagonjwa wanaingia katika mji usio na mtu, na kila mmoja anachagua kazi. Mmoja anavaa mavazi ya askofu, mwingine anakuwa jenerali, mwanamke mmoja anafungua danguro, na kinyozi anawalipa wateja wake badala ya kuwatoza. Wanyama wanatoka katika vizimba na kutembea mitaani. Tazameni tofauti iliyowekwa hapa bila hotuba yoyote: mji ni ule ule, majeshi yaliupata yakaujaza baruti, na hawa walipoupata wakafungua maduka na kutafuta shughuli ya kutawaza mfalme. De Broca hahitaji kutuambia nani mzima. Ametuonyesha kila upande umefanya nini na kitu kile kile.

Plumpick anafaulu kuuzuia mlipuko, kisha majeshi yote mawili yanarudi, yanakutana uwanjani, yanajipanga ana kwa ana na kufyatuliana risasi mpaka hakuna anayebaki amesimama. Wagonjwa wanatazama kutoka juu, na mmoja wao anaona kwamba waigizaji hawa wanatia chumvi. Baada ya hapo mchezo unawachosha. Wanarudi hospitalini wakivua mavazi yao ya fahari njiani, na wanajifungia wenyewe.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni ubunifu tu. Hapana. Mwaka 1917 mshairi Siegfried Sassoon, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa amepata nishani ya ushujaa, aliandika tamko kwamba vita inarefushwa makusudi na wenye uwezo wa kuimaliza. Badala ya kumfikisha mahakamani, wakubwa walimpeleka Craiglockhart karibu na Edinburgh, hospitali ya maofisa waliovurugwa akili na vita. Kupona huko kulikuwa na maana ya kuwa tayari kurudi mstari wa mbele, na Sassoon alirudi. Askari wa kawaida hawakuwa na bahati hiyo: wanajeshi 306 wa Uingereza na makoloni yake waliopigwa risasi na upande wao wenyewe, wengi wao kwa kosa la kutoroka, hawakusamehewa hadi mwaka 2006. Na vita hiyo ilikuwa kwetu pia. Jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na Waingereza waliendelea kurushiana risasi karibu na Kasama, katika Zambia ya leo, siku moja baada ya mkataba wa kusitisha mapigano, kwa kuwa habari hazikuwa zimewafikia. Makumi ya maelfu ya wapagazi Waafrika walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Ufaransa filamu hii haikupokewa vizuri. Marekani ilipendwa miaka ya 1970, wakati jeraha la Vietnam bado bichi, na ukumbi mmoja wa Cambridge, Massachusetts, uliionyesha kwa takriban miaka mitano mfululizo. Vijana wengi walioitazama huko waliamini inasema kwamba wazimu ni hekima. Mimi siafiki. Ugonjwa wa akili ni mateso, na ni kweli kwamba filamu imeyaficha mateso hayo chini ya mavazi ya kupendeza. Huo ndio udhaifu wake mkubwa. Lakini haidai kwamba wagonjwa hawa wanaweza kuuongoza ulimwengu. Plumpick anapojaribu kuwatoa nje ya mji ili waokoke, wanafika langoni na kukataa kuvuka, kwa sababu huko nje, wanavyoamini, kuna hatari. Tutakapofika kwenye onyesho hilo, naomba mziangalie nyuso zao zaidi ya mnavyomwangalia yeye. Wanaogopa kweli, na katika dunia ya Oktoba 1918, ambayo sisi tunajua ilikuwa na nini ng'ambo ya lango lile, hofu yao ina sababu kuliko ujasiri wa jeshi lolote kati ya yale mawili.